Uboho wa Akiba

Siku Dokta Senzighe aliponisalimia bila kunitukana, nilitamani kugeuka nirudi nyumbani.

Yeye ni Mpare wa Usangi, mimi Mchaga wa Kibosho, na tangu nianze kutibiwa pale Taasisi ya Uboho, Njiapanda ya Himo, hatujawahi kusalimiana kama watu wenye adabu. Nikiingia tu, huuliza kama nimemwibia mgonjwa yeyote pale mapokezini. Nami humuuliza kesi ya kuku wake imefika mahakama gani, maana Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya jogoo. Utani wa Wachaga na Wapare tuliukuta. Malori yamekuja kujiendesha yenyewe, theluji ya mlimani imebaki kwenye picha, lakini utani haujaenda popote.

Asubuhi ile alisimama kunipokea. "Karibu, mama Temu," akasema. "Kaa, mama."

Nikakaa. Nikajua hapa kuna msiba, na maiti ni mimi.

"Dokta, sema haraka. Uvimbe umerudi?"

"Haujarudi. Kichwa chako ni safi, picha ya mwezi uliopita haikuonyesha hata alama. Tatizo liko kwenye damu."

Ngoja nieleze, na nitaeleza kama nilivyoelewa mimi, siyo kama wanavyoandika wao. Kazi yangu ni kusimamia malori yasiyo na dereva yanayoingia nchini kupitia Holili. Siku moja nilianguka mbele ya skrini zangu, nikatoa povu, na picha ikaonyesha uvimbe ndani ya ubongo. Dawa ya kuua uvimbe wa aina ile ipo tangu zamani, ila haichagui. Ikishamaliza uvimbe inageukia uboho ulio ndani ya mifupa, na uboho ndio kiwanda cha damu. Zamani wagonjwa walipewa kidogo kidogo kwa kuogopa hilo, uvimbe ukawashinda. Siku hizi wanakuchota kwanza seli shina, zile zinazozaa damu yote, wanazipachika jeni moja inayoziwezesha kujitibu madhara ya dawa, kisha wanakurudishia. Dawa ikishuka, seli zako za kawaida zinakufa na zilizopachikwa zinabaki zimesimama. Kwa hiyo unapewa dawa kali, kisha unapewa tena, mpaka uvimbe ukome. Mimi nilipewa na nikapona. Nilichinja mbuzi kabisa.

Dokta akawasha ukuta. Kila seli waliyonirudishia ilikuwa imeanzisha ukoo wake, na kila ukoo walikuwa wameupa rangi. Picha ya kwanza ilikuwa na rangi nyingi kama duka la vitenge. Picha ya mwisho ilikuwa nyekundu karibu yote.

"Ukoo mmoja umekula wenzake," akasema. "Kila dozi iliua wengine ikaupa huu nafasi. Na kwenye seli iliyouanzisha, ile jeni ilitua mahali pabaya, jirani na jeni inayoamuru seli izaane."

"Kwa hiyo ni saratani."

"Bado. Inaelekea huko. Ikifika itakuwa saratani ya damu isiyosikia dawa yetu, kwa sababu kuishinda dawa tumeifundisha sisi wenyewe."

Mimi naogopa kufa. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunidhania shujaa. Nilishika ukingo wa meza yake.

"Dawa yake hakuna?"

"Ipo. Kila seli tuliyoipachika ina kitanzi chake. Nikikupa kidonge kimoja, zote zinajinyonga, huo ukoo ukiwemo. Ila utabaki huna uboho kabisa. Ndiyo maana siku ile tulipokuchota, tuligandisha kifuko kimoja cha seli zako ambazo hatukuzigusa. Akiba ya siku kama hii."

"Basi nipe kidonge, na hiyo akiba nirudishie. Unaningojesha nini?"

Dokta Senzighe akatazama viatu vyake. "Mama, akiba yako uliigawa."

*

Pale Taasisi hakuna karatasi ya kutia sahihi. Sheria inataka ridhaa ya mgonjwa kwa sauti yake mwenyewe, na sauti inachukuliwa na Msikilizaji, mashine iliyofichwa ndani ya kuta za kila chumba. Inaongea Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Walioitengeneza walikuwa watu wa mbali, wasiokuwa na watani.

"Msikilizishe aliyosema," Dokta akaiambia mashine.

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe ya siku ile, nene, ya mtu aliyejaa roho ya kupigana. Dokta alikuwa ameniuliza: kile kifuko cha akiba, nikishapona, tukifanyeje? Nami nikajibu: "Mgawie Mpare yeyote mwenye shida. Hao cha bure hawajawahi kukataa." Kikafuata kicheko chetu sote wawili. Kisha Dokta: "Tutakila na kifuko chenyewe, hutakiona tena." Ndipo Msikilizaji akaingilia kwa upole, akauliza kama nathibitisha. Nikasikia najibu huku bado nacheka: "Nathibitisha. Na chumvi wawekewe."



"Ulisema ukishapona," Dokta akaanza taratibu. "Picha ya mwezi uliopita ilipokuja haina uvimbe, Msikilizaji alihesabu kwamba umepona. Akaingia kwenye orodha ya wanaongoja, akatafuta Mpare mwenye shida. Akampata. Mkapimwa, mkafanana kiasi cha kutosha. Mimi nililetewa namba ya kifuko tu, bila jina. Majibu ya damu yako mimi nimeyapata jana jioni."

"Lakini ulikuwa unajua natania. Wewe ulikuwepo. Wewe ulicheka."

"Nilicheka. Sikufikiri kama kuna mtu anaweza kulichukua lile kuwa neno. Kumbe chumbani tulikuwa watatu."

"Kifuko kiko wapi?"

"Bado kiko kwenye friza. Kinayeyushwa leo mchana."

Nikasimama. Nilitaka kukimbia nikakae juu ya hiyo friza. "Basi kizuie. Kitu changu, mzaha wangu, kizuie."

"Kaa, mama. Huyo wa kupewa tumeshaufuta uboho wake wote. Ndivyo inavyofanyika, lazima uanze kumsafisha ndipo apokee. Sasa hivi hana kinga hata ya mafua. Asipopata kile kifuko, kumtafutia mwingine ni wiki kadhaa, na yeye hizo wiki hana."

"Tugawane."

"Zilizomo zinamtosha mtu mmoja kwa shida. Nikigawa nitazika wawili."

"Nichote nyingine."

"Kwako sasa nitachota ukoo uleule." Akainamisha kichwa. "Bila akiba, kidonge siwezi kukupa. Nitasimamisha dawa, tutakuwa tunakupima. Huenda ukoo ukatulia, huenda usitulie. Nusu kwa nusu. Na uvimbe ukirudi wakati huo, sina silaha."

Hasira zikanipanda, nikazipokea kwa mikono miwili, maana hasira ni afadhali kuliko woga. "Ni ndugu yako, siyo? Mpare mwenzako. Mmekaa kikao mkaamua Mchaga afe."

"Si ndugu yangu, simjui kwao. Na ningetaka kukudhulumu nisingekuita leo. Ningekuita kesho."

 Ilikuwa kweli, na siku nyingine yoyote ningemsifu.

"Sheria inakupa nafasi," akaendelea. "Nenda chumba cha ridhaa, mwisho wa korido. Msikilizaji atakuuliza kama neno lako lilikuwa la kweli au la mzaha. Ukisema mzaha, kifuko hakitoki kwenye friza, na jioni nakupa kidonge chako. Ukisema kweli, kinakwenda. Wa kulisema ni wewe peke yako."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize hilo, mama. Mimi ni daktari wa wote wawili."

*

Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikampigia mwanangu Manka aliyeko Arusha. Nilimweleza yote bila kuvuta pumzi. Manka ni mwanasheria, hana machozi ya bure.

"Mama, ulikuwa unatania?" akauliza.

"Nilikuwa natania."

"Basi sema ulikuwa unatania. Hakuna uongo hapo. Hujamwibia mtu, hujamuua mtu. Waliokosea ni hao na mashine yao. Huyo mgonjwa wamtafutie wao."

"Wanasema hana muda."

"Na wewe unao?" Sauti yake ikapasuka. "Mama, mimi sitaki kusikia habari za mtu nisiyemjua. Sema mzaha, halafu nakuja kukuchukua."

Nikamwambia sawa. Na nilimaanisha. Mtu akikuuliza kweli au mzaha, na wewe ulifanya mzaha, dhambi ya kujibu mzaha iko wapi? Niliosha uso.  Nikajiapiza sitamtazama mtu yeyote njiani. Nitakwenda, nitatamka, nitatoka.

Kosa langu ni kwamba sikuijua korido ile. Upande wake mmoja wote ni vioo, na nyuma ya vioo ndiko wanakolala wale waliofutwa uboho, kila mtu na chumba chake, hewa yake na spika yake ya kuongelea na watu wa nje. Nilipita nikitazama sakafu. Nikasikia mtu anagonga kioo kwa kucha.

"Shikamoo, mama."

Utafanyaje? Mtu hapiti shikamoo bila kuiitikia. "Marahaba," nikasema, nikainua macho.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kichwa kisicho na unywele kama changu, midomo imechanika, kakaa kitandani kando ya kioo miguu inaning'inia. "Samahani kukusimamisha," akasema. "Tangu wanifungie humu, wanaoingia wote wamevaa barakoa. Nilikuwa nataka kuona mdomo wa mtu. Unatokea wapi?"

"Kibosho."

"Alaa, mtani." Akatabasamu, tabasamu likamuuma midomo, akalishika kwa kiganja. "Mimi Nakijwa, wa Mamba, kule Same. Nalima tangawizi. Njoo karibu, hakuna kitu cha kuiba humu ndani, kitanda kimefungwa na skrubu."

Mwili mzima ulinambia ondoka. Mdomo ukajibu wenyewe, maana utani ukikulea hauombi ruhusa. "Nikiwa na shida ya kitanda nitakuja kwa Mpare kweli? Si mnalala kwenye gunia mtunze godoro?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasogeza mdomo karibu na spika. "Nikwambie siri? Nesi kaponyokwa na maneno. Aliyenitolea uboho ni Mchaga. Leo napewa. Nikianza kufungua duka humu wodini, nikidai ada watu wanaokuja kuniona, wewe ndiye utanitetea, useme siyo mimi, ni damu ya Kichaga."

 Nilishika ukingo wa chuma ulio chini ya kioo.

"Nyumbani wameshaanza kuogopa," akaendelea. "Mume wangu anasema nikirudi nitakuwa sili makande ya kwetu tena, nitataka mtori wa Kichaga. Nikamwambia mwanaume, mimi hata nikipewa uboho wa nyani, makande nitakula." Akatazama mlango wake, kisha akanitazama mimi, na uso wa utani ukamtoka. "Mtani, wewe si daktari, kwa hiyo wewe nitakwambia. Naogopa. Tangu waufute, nikilala nasikia mwili umekuwa kama nyumba iliyohamwa. Nakaa tu nasikiliza viatu vya wanaopita hapo, nadhani ndio wanakuja na kifuko, kumbe wanapita. Kwani mtu akigawa anaweza kughairi?"

"Sijui," nikasema.

"Hawezi. Mtu aliyefika mpaka kugawa uboho wake, huyo ana moyo. Hawezi kughairi."

Nilimwambia nina haraka. Alinipungia mkono, mkono mwembamba wenye bandeji ya sindano, nikaondoka bila kugeuka. Nikajilaumu kwa nini niliitikia ile shikamoo.

*

Chumba cha ridhaa kina kiti kimoja na taa moja ya kijani ukutani. Nilikaa. Mlango ukajifunga.

"Karibu, mama Ndeshi Temu," sauti ikasema. "Umekuja kueleza kuhusu ridhaa uliyoitoa juu ya kifuko cha akiba. Je, ilikuwa ya kweli au ya mzaha? Tafadhali jibu kwa neno moja."

"Kwanza nikuulize wewe. Unajua utani ni nini?"

"Utani ni uhusiano wa mzaha baina ya makabila, marafiki au ndugu."

"Hujui kitu," nikasema. Mimi nikiogopa naongea sana. "Baba yangu alipofariki walikuja watani Wapare. Watu wanalia, wao wakaingia, wakachukua koti lake la sikukuu, mmoja akalivaa, akalala chini kwenye njia ya jeneza, akasema marehemu haondoki mpaka walishwe. Mama yangu alicheka siku ile, mbele ya maiti ya mumewe. Na lile koti hatukulidai. Mtani akichukua amechukua. Ukimfuata kumnyang'anya, hujamnyang'anya koti, umesema kuanzia leo sisi si watani tena. Sasa nijibu wewe mwenye kujua kila kitu, koti lile tulimpa kwa kweli au kwa mzaha?"

Taa ya kijani ikapepesa. "Samahani, sijaelewa jibu lako. Je, ridhaa yako ilikuwa ya kweli au ya mzaha?"

"Ilikuwa..."

Manka alikuwa barabarani anakuja. Nilimwona kabisa anavyoshika usukani. Nikauona ule ukuta mwekundu, ukoo mmoja umejaa mifupani mwangu unazaana hata pale nilipokaa. Mzaha ni neno fupi. Ningelisema, jioni ningekunywa kidonge, na mwakani ningekuwa mbele ya skrini zangu nayagombeza malori. Huyo mwingine asingejua kamwe kwamba aliyeghairi ni mimi niliyesimama naye kwenye kioo. Angesikiliza tu viatu vinapita.

Nilifungua mdomo nikiwa sijui ndani yake kuna neno gani. Mungu ni shahidi yangu, sikujua.

"Kweli," nikasema.

"Asante. Ridhaa imethibitishwa."

"Subiri," nikasema. "Ngoja kwanza. Sijamaliza."

Taa ilikuwa imeshazima. Nikapiga ukuta kwa kiganja, nikapiga tena. Nikasema mzaha, mzaha, mara nyingi, nikaliambia giza kwamba mimi ni mtu mzima nina mtoto nina kazi na sitaki kufa. Hakuna aliyesikia. Mlango ulikuwa umefunguka kitambo nyuma yangu, na Dokta Senzighe alikuwa amesimama hapo.

 Alinishika bega akaninyanyua, nikamwegemea kama mlevi, tukaanza kurudi na ile korido kwa sababu njia nyingine hakuna.

"Nilighairi," nikamwambia. "Nimesema kweli halafu nikaghairi. Unasikia? Nimeghairi."

"Nimesikia."

"Inahesabika?"

Akapunguza mwendo. "Mimi nilikusikia. Msikilizaji hakukusikia, taa ikishazima hasikii tena. Kifuko kimeshatoka kwenye friza, kikitoka hakirudi. Nikikizuia sasa, kinaharibika mikononi mwetu sote."

Tulipofika kwenye kile kioo walikuwa wameshamfunga mpira mkononi. Kifuko kilining'inia juu ya mti wa chuma, kidogo, hakijai hata kikombe cha chai, rangi yake kama uji wa ulezi. Nilikuwa sijawahi kukiona. Manesi wawili wenye barakoa waliinama juu ya mkono wake, na uboho ukaanza kushuka kwenye mpira tone kwa tone. Nilibandika paji la uso kwenye kioo, nikalia kwa sauti, kamasi na machozi, mtu mzima wa heshima zangu, sikuweza kujizuia hata kidogo.

Nakijwa aligeuza kichwa akaniona. Akanyoosha mkono ulio huru, akabonyeza spika.

"We Mchaga," akasema, "unalia nini hapo dirishani kwa watu?"

"Nalilia mali yangu," nikamjibu.

Akacheka. Alicheka kwa raha, mabega yote yanaruka, mpaka nesi akamshikilia mkono kwa nguvu ili mpira usichomoke.